Mizani Iliyoanza kwa Shikamoo

Subilaga aliungua mkono saa mbili asubuhi, na aliyemwambia ni mgonjwa wa kitanda cha nne.

"Sista, mkono! Mkono wako, jamani!"

Akatazama. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya mfuniko wa sufuria ya kuchemshia vyombo, kimetulia kabisa, kama kinaota jua. Akakiondoa. Ngozi kidogo ikabaki kwenye mfuniko. Wodi nzima ikavuta pumzi kwa pamoja, na mwenye mkono wake akatafuta bandeji, akajifunga, akaendelea kupanga mikasi.

"Asante kwa kuniambia," alisema, kama aliyeambiwa ameangusha kalamu.

Msimshangae. Wapimaji wa maumivu wote nchini walikuwa hivyohivyo. Ilipopita Sheria ya Dawa za Maumivu, vidonge vikali vikaondolewa madukani na mofini ikafungiwa kwenye makabati ya chuma, Serikali ilijiuliza swali la maana: huyu atakayekaa na kabati, naye akiumwa je? Jibu lake lilikaa nyuma ya sikio la Subilaga, dogo kama punje ya hindi. Waliliita kizibo. Ukishatiwa kizibo, maumivu yanapiga hodi kichwani na hakuna anayefungua. Mtu asiyeumwa hana haja ya dawa, na asiye na haja nayo hataiiba. Ndivyo walivyofikiri, na kusema kweli hawakukosea: kwa miaka saba haikupotea chupa hata moja mikononi mwa mpimaji.

Waliokitengeneza waliapa kwamba hakigusi huzuni. Subilaga hakuwahi kuwabishia. Alitiwa kizibo miezi kumi baada ya kumzika kaka yake, na tangu hapo hakulia tena, si kwa hilo wala kwa lingine lolote. Alidhani amepona.

Siku hiyo alikuwa na mgonjwa mmoja tu wa kupima, na mgonjwa mwenyewe alikuwa shangazi yake.

*

Mwalimu Tusekile Mwakibete alilazwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha linalotazama mashamba ya chai. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye titi, ikashuka hadi mifupa ya nyonga, na sasa hata shuka likivutwa taratibu midomo yake ilipauka. Kelele hakupiga. Miaka thelathini na minne alifundisha shule ya msingi hapo Itebe, na nusu ya mji ilijifunza adabu kwake. Mtoto aliyeingia darasani bila kusalimia alirudishwa nje, mvua inyeshe isinyeshe, aanze upya. Ndiye aliyewalea Subilaga na kaka yake Ambakisye wazazi wao walipofariki. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye.

Subilaga alisukuma Mizani hadi kando ya kitanda. Lilikuwa sanduku jeupe lenye magurudumu, taa moja, kioo cha namba, na mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono. Mkanda ulitoboa ngozi kidogo, ukaonja damu kuhakikisha kwamba aliyefungwa ndiye aliyeandikishwa, kisha ukasikiliza mishipa. Lakini mishipa peke yake haikutosha. Miaka ya mwanzo watu walijibana vidole kwenye milango ili wapate dawa, basi mafundi wakaongeza ushahidi wa mdomo. Mizani ilimuuliza mgonjwa hali yake, ikalipima jibu pamoja na sauti, ndipo ikatoa namba. Saba kwenda juu, kabati la ukutani lilijifungua lenyewe. Chini ya saba, ahsante kwa kuja. Mtu alipimwa mara moja kwa siku, na akishindwa mara tatu faili lake lilifungwa siku tisini.

Shangazi hakuwa na siku tisini. Hata ishirini daktari hakumpa. Na juzi alikuwa ameshindwa mara ya kwanza.

"Shangazi, nisikilize," Subilaga alisema huku akimfunga mkanda. "Ikikuuliza, sema unaumwa. Sema unaumwa sana. Ni hilo tu, usiongeze neno."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Juzi pia ulisema umenisikia."

"Juzi nilipitiwa."

Taa ikawaka. Namba za mishipa zilianza kupanda kwenye kioo, saba, saba nukta tano, nane nukta moja, na Subilaga akakaza macho hapo. Kisha Mizani ikasema. Sauti yake ilikuwa ya binti aliyelelewa vizuri, kwa sababu mafundi wa mji mkuu waliona wazee wanaiogopa, wakaona waifundishe heshima.

"Shikamoo, mama."

Uso wa Mwalimu ukachangamka. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za leo?"

"Njema."

Saba nukta mbili.

"Shangazi!"

"Unajisikiaje, mama?" Mizani iliuliza.

Mwalimu alimtazama Subilaga, akalitazama sanduku. Alijitahidi, masikini, mtu angeweza kuona jinsi anavyojitahidi. "Naumwa," alisema, na namba ikaruka. Halafu, kwa kuwa hakuweza kumwachia mgeni neno chungu namna hiyo bila kulipooza, akaongeza, "Lakini namshukuru Mungu. Si haba. Wapo wanaoumwa kuliko mimi. Na wewe pole na kazi."

"Asante, mama. Umepata tano nukta tatu. Ugua pole."

Taa ikazimika.

Subilaga alifungua mkanda. Hakukasirika. Alijua kwamba hapo palikuwa pa kukasirika, akapapita kama anavyopita mtu mbele ya duka lililofungwa.

"Shangazi, ile ni mashine."

"Imeanza na shikamoo."

"Hata ikianza na shikamoo!"

"Sasa nijibu nini, Subi? Anisalimie kwa heshima zote zile, mimi nimwagie uchungu wangu miguuni? Watoto wa watu nimewafundisha miaka yote..." Pumzi ikamkatika. Alishika chuma cha kitanda, shingo ikakakamaa, na jasho likamtoka usoni ingawa Itebe kulikuwa na baridi ya kuvaa makoti mawili. Hakutoa sauti. Ilipomwachia, meno yake yalikuwa yameacha alama nne kwenye mdomo wa chini.

Subilaga alimfuta jasho. Alijua anachokitazama ni maumivu, kama mtu wa bara anavyojua kwamba kuna bahari mahali fulani.

*

Chumba cha chai kilikuwa na redio, na redioni Bunge lilikuwa likijadili sheria ileile kwa mara ya sita. Mbunge mmoja alisema sheria imewaokoa vijana wasizikwe kwa makundi. Mwingine akasema vijana wameokoka, sawa, ila nyanya zao wanakufa wakitafuna magodoro. Wenzao wakapiga meza, haikujulikana wanampigia nani. Daktari Gwakisa akaipunguza sauti.

"Tano nukta tatu," alisema. "Nyonga ya Mwalimu imemumunyuka kama andazi kwenye chai, anapewa tano nukta tatu. Na wiki iliyopita yule bwana wa jino kapata nane, kisa kajua kupiga mayowe."

"Sheria ndivyo ilivyo, Daktari."

"Sheria gani hiyo inayompa dawa mwenye mdomo na kumnyima mwenye adabu?"

"Sheria ambayo kama ingekuja mwaka mmoja mapema, Ambakisye angekuwa hai." Aliisema bila ukali, kama anayetaja saa.

Daktari aliinamisha macho, na sababu ilikuwapo. Ambakisye alivunjika mguu kwenye kiwanda cha chai, akapewa vidonge vya wiki mbili. Mguu ukapona, vidonge vikakataa kumwachia. Akaanza kuvitafuta kwa njia zake, akachukua hata redio ya shangazi yake, akaapa, akaacha, akarudia. Asubuhi moja Subilaga alimkuta nyuma ya banda la ng'ombe, amekaa ameegemea ukuta, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Akadhani amesinzia. Alipiga magoti akamfunga kamba kwanza, mafundo mawili, ndipo mkono wake ulipogusa kifundo cha mguu na kukuta ni baridi.

Tume ya Bunge ilipozunguka kukusanya maoni, yeye ndiye aliyesimama ukumbini Itebe akalisimulia hilo la kamba. Wajumbe wawili walilia. Ushahidi wake ulisomwa Bungeni, na sheria ikapita. Wangapi wako hai leo kwa sababu yake, nani ajuaye, si wachache.

"Vile vidonge niliviandika mimi," Daktari alisema.

"Najua."

"Nilikuwa na miezi mitano kazini. Siku zile tuliandika tu, Subi. Mtu akikunja uso, unaandika."

"Najua, Daktari. Sasa unataka tuandike tena?"

"Sitaki! Nani amesema nataka? Nataka mwanamke mmoja, aliyenifundisha mimi kusoma, asife huku anajiuma." Akazungusha kikombe. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa imeshuka. "Ule waraka wa mwaka juzi unaukumbuka? Kwamba mkanda hautofautishi vizuri damu ya ndugu wa karibu, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa wasiruhusiwe kuugusa."

"Naukumbuka."

"Wapimaji haukuwataja. Hata mpimaji akiwa ndugu kabisa. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu hatuna maumivu ya kumwazima mtu."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu," Subilaga alikubali.

Aliinuka akasuuza kikombe chake. Kizibo kikichomolewa bila kibali hakirudi tena. Hilo walilitia saini. Kazi inakwisha siku hiyohiyo, na mahakama inafuata. Lakini si hayo aliyokuwa akiyapima. Alipima kwamba sheria hii aliiomba yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Leo akiitoboa kwa ajili ya shangazi yake, kesho mwingine ataitoboa kwa ajili ya nani? Na huyo mwingine atamkuta nani nyuma ya banda? Alilifikiria swali hilo mchana kutwa. Lilikuwa swali zito, alijua, ila halikumlemea popote, na jambo hilo la kutolemewa ndilo lililoanza kumtia wasiwasi. Anayeamua habari za maumivu ya mtu inampasa angalau ayakumbuke.

*

Kesho yake saa tisa alasiri, wageni walipokwisha kuondoka, alivuta pazia kuzunguka kitanda cha shangazi. Alikuja na Mizani na chupa ya maji yaliyotoka kuchemka. Daktari Gwakisa alisimama mlangoni mwa wodi akijifanya anasoma faili, nalo faili kalishika juu chini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama wa kitanda cha nne, ambaye hakuambiwa kitu na alikuwa ameelewa kila kitu, akaanza kukohoa kikohozi kikubwa kisichoisha.

Shangazi alifumbua macho. Usiku haukuwa umempa hata lepe la usingizi. "Mbona mkanda unajifunga wewe?"

"Leo najibu mimi kwa niaba yako. Wewe baki na adabu zako."

"Huo ni uongo, Subi."

"Ndiyo, Shangazi."

Shangazi alimtazama. Ungeweza kuona mwalimu mle ndani akitaka kumrudisha nje aanze upya. Lakini wimbi lingine likaja, likambeba, na lilipomtua hakuwa na nguvu za kumrudisha mtu popote. "Basi," alinong'ona, "usiseme uongo mwingi."

Mkanda ukaonja damu. Taa ikafikiri, ikawaka. Kioo kikaandika: Tusekile Mwakibete. Sifuri nukta sifuri.

Subilaga alipeleka kucha nyuma ya sikio, akaikuta ile punje, akaing'oa. Ilitoka kirahisi kuliko kitufe cha shati.

Kiganja ndicho kilichoamka kwanza. Lo! Mkono mzima ulishika moto, akauma shuka la shangazi yake ili asipige ukelele. Kisha jino moja la nyuma, lililokuwa limeoza miaka mitatu bila yeye kuwa na habari, nalo likajitambulisha. Goti aliloteguka mwaka juzi. Mgongo. Mwili wote ulikuwa na malalamiko ya miaka saba na ulitaka kuyasema kwa mpigo. Akatazama kioo huku machozi ya moto yakimchuruzika.

Tano nukta nane.

Haitoshi. Alijua haitatosha; ndiyo maana alikuja na chupa. Akafungua kifuniko, mvuke ukamgonga usoni, akanyoosha mkono wa kulia ambao bado ulikuwa mzima. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba aliogopa.

"Shikamoo, mama," Mizani ilisema.

"Marahaba."

"Habari za leo?"

Hakujibu.

"Unajisikiaje, mama?"

Sasa, tangu atiwe kizibo, hakuna aliyewahi kumuuliza Subilaga swali hilo. Ya nini kumuuliza mtu aliyezibwa? Alifumbua mdomo aseme neno moja alilokuwa amejiandalia, naumwa, alitoe kavu kama risiti. Halikutoka. Badala yake aliona kamba ya kiatu. Aliona vidole vyake mwenyewe vikifunga fundo la kwanza, fundo la pili, na kile kifundo cha mguu, na umande juu ya soksi. Ambakisye alikuwa na soksi iliyotoboka kidoleni. Alikuwa ameisahau ile soksi. Miaka saba hakuwa ameiona.

Kilichomtoka si neno. Mama wa kitanda cha nne aliacha kukohoa. Daktari Gwakisa aliangusha faili. Chupa ya maji ilipinduka sakafuni, maji yakatambaa chini ya kitanda bila kumgusa mtu, na Subilaga akalala kifudifudi ukingoni mwa godoro akilia kilio cha msiba, kile cha nyumba yenye maiti ndani, ambacho hakukilia siku ya msiba wenyewe. Kaka yangu. Kaka yangu jamani. Nilimfunga kamba.

Mkono mkavu ukamshika kisogo. "Sema, mwanangu," Shangazi alisema. "Sema tu. Nilikuwa nakungoja useme."

"Umepata tisa nukta sita, mama," ilisema Mizani. "Ugua pole." Na ukutani kabati likafunguka.

*

Chupa ya dawa ilikuwa ndogo ya kahawia, na ilienea vizuri kwenye kiganja chake kizima. Subilaga alivuta dawa kwenye bomba la sindano, akatia tone kwa tone chini ya ulimi wa shangazi yake, akihesabu kwa sauti ili asikosee, maana macho yalikuwa yamevimba. Matone kumi na mawili. Kisha akakaa na chupa mkononi.

Ilikuwa bado nzito. Jino lilikuwa linapiga, mkono unaungua, na kile kingine, kile cha soksi, kilikuwa kimemkalia kifuani na hakikuonyesha dalili ya kuondoka. Matone matano tu, kichwa kilimwambia, kwa upole kabisa. Nani atajua? Matano, upumzike, kesho utafikiri vizuri. Na hapo akamwelewa kaka yake, si kwa kumhurumia kama alivyofanya ukumbini mbele ya tume, bali alimwelewa kama unavyomwelewa mtu mnayelala naye chumba kimoja. Akaona aibu kwamba alikuwa amewahi kumtolea ushahidi bila kujua habari zake.

"Daktari!" aliita. "Daktari, njoo uchukue hii chupa. Njoo sasa hivi!"

Gwakisa alikuja mbio. Aliiona sura yake, akaiona chupa. Aliichukua kwa mikono miwili, akarudi nayo nyuma hatua tatu, akasimama mbali naye kama anavyosimama mtu aliyeshika wembe mbele ya mtoto. "Watakuja kesho," alisema. "Kizibo kimeshatoa taarifa."

"Waje."

"Utawaambia nini?"

"Sijui. Nitawaambia kwamba sheria ni nzuri." Alipangusa pua kwa bandeji. "Nitawaambia ni nzuri na shangazi yangu ilikuwa inamuua. Waandike yote mawili."

Mvua ilikuwa imepungua. Kitandani, vidole vya Mwalimu Tusekile viliachia chuma kimoja baada ya kingine. Mabega yakashuka. Mstari uliokuwa katikati ya nyusi zake tangu mwezi wa tatu ukafutika, na chini yake akatokea yule mwanamke aliyekuwa akisimama mlangoni mwa darasa kila asubuhi. Akapumua. Akageuza kichwa kwenye mto, kwanza kwa woga, kisha kwa mshangao, alipoona kwamba kinageuka na hakuna kinachotokea.

Akamwona Subilaga, macho mekundu, bandeji imelowa damu na kamasi, amejikunja juu ya stuli.

"Na wewe, mwanangu," alisema, kwa sauti laini iliyokwisha kuanza kusinzia. "Hujambo?"

Subilaga alishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikapauka.

"Sijambo, Shangazi," alisema. "Namshukuru Mungu."

Mkanda alikuwa hajauvua. Mizani iliwaka taa yake, ikasikiliza jibu hilo, ikamwamini, na namba kwenye kioo zikaanza kushuka.